Mama Kalamu na Sanduku la Miguu Mitatu

Hebu niambieni: mmewahi kukaa karibu na kitu muda mrefu, mkakijua rangi yake, mlio wake, hata harufu yake kikipata moto, na bado msikiguse hata kwa ncha ya kidole? Si kwamba kimefungiwa kabatini. Si kwamba mmekatazwa. Kipo hapo mezani, mkono ukinyooshwa unakifikia, ila mkono wenyewe ndio haunyooki.

Basi ndivyo alivyokuwa Mama Kalamu na lile sanduku la maabara.

Jina hilo la Mama Kalamu hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi wenzake wa chuo cha ufundi, darasa la elektroniki, ambamo ni yeye peke yake aliyekuwa na watoto wakubwa, miwani ya kusomea na mkoba ambao ukiutumbukiza mkono hukosi kitu: sindano, uzi, dawa ya kichwa, kitambaa cha kufutia jasho, na penseli zilizochongwa zikachongeka. Wengine wote walikuwa vijana wa kumwamkia. Kabla ya kuja chuoni alikaa miaka na miaka kwenye kaunta ya duka la shemeji yake, duka la kutengeneza redio na televisheni. Mteja akileta redio iliyonyamaza, ni yeye aliyeipokea kama mgonjwa, akaandika maradhi yake kwenye kipande cha karatasi, "inakoroma", "ikipata moto inazima", "inashika stesheni moja tu na hiyo yenyewe kwa kuomba", akakifunga kwa uzi, na redio ikapelekwa chumba cha nyuma kwa mafundi. Yeye akabaki mbele. Kila pazia lilipofunuka aliona migongo ya mafundi imeinama na moshi mwembamba wa lehemu ukipanda, kisha pazia likarudi.

Je, aliwahi kusema kwamba naye anataka kukaa nyuma ya lile pazia? Wapi! Ni shemeji mtu aliyeona jinsi shingo yake ilivyokuwa inarefuka.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "unachungulia huku mpaka nitakulipisha kiingilio. Nenda kasome. Ukifaulu mtihani wa vitendo, ile meza ya dirishani ni yako. Usipofaulu, kaunta haijaenda popote."

Akaenda kusoma. Mumewe, dereva wa lori ambaye wiki yupo wiki hayupo, alisema sawa. Mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, alisema, "Nenda, mwanangu. Mimi hapa nitayalinda haya masufuria."

Sasa sanduku. Ngoja niwaeleze vizuri, maana bila hilo hakuna hadithi.

Lilikuwa sanduku la bati lililopakwa rangi ya buluu, upana wake kama sinia kubwa la chai, limeinama kidogo kwa mbele ili mtu aliyekaa alione lote bila kunyanyuka. Juu yake ilichorwa kwa rangi nyeupe alama ya transista, duara lenye mistari mitatu inayotoka nje. Katikati ya duara palikuwa na tundu dogo la kuchomekea, na hapo ndipo ilipokaa transista yenyewe: kitu kidogo, cheusi, ukubwa wake haufiki punje ya harage, na miguu mitatu myembamba kama nywele za farasi. Mguu mmoja unaitwa beisi, mwingine kolekta, mwingine emita. Pembeni palikuwa na mita zenye mishale, na kioo cha mojawapo kilikuwa kimepasuka kikaunganishwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Chini kulikuwa na nobu mbili nyeusi za kuzungusha, kama ile ya kuongezea sauti ya redio, moja kushoto, moja kulia. Na nyaya: nyekundu, nyeusi na za njano, zimeviringana kama tambi. Wanafunzi waliliita Sanduku la Miguu Mitatu, ingawa lenyewe lilikuwa na miguu minne ya mpira, na mmoja ulishang'oka.

Kazi yake ni kuonyesha tabia ya transista. Ndiyo, ina tabia, kama mtu. Mwalimu wa maabara, mzee mwenye sweta la kijivu waliyemwita Polepole kwa kuwa neno hilo halikumwisha mdomoni, aliwaeleza hivi siku ya kwanza:

"Transista ni bawabu mlangoni. Beisi ni sikio lake. Mnong'oneze kidogo tu sikioni, atafungua mlango mkubwa na umati utapita, kutoka kolekta kwenda emita. Sisi tunataka kujua kitu kimoja: kwa mnong'ono kiasi hiki, bawabu huyu anapitisha umati kiasi gani? Nobu ya kushoto ndiyo mnong'ono. Nobu ya kulia ndiyo msukumo wa umati. Zungusha, soma mshale, andika, chora. Polepole. Polepole. Mshale haukimbizwi."

Na ukichora zile namba kwenye karatasi ya grafu, unapata mkunjo mmoja wa ajabu: unapanda wima kwa pupa, halafu ghafla unalala, kama mtu aliyepanda kitanda kwa uchovu. Mnong'ono ukiongezwa, unapata mkunjo mwingine juu ya ule. Ndiyo tabia yenyewe hiyo.

Masanduku yalikuwa machache, wanafunzi wengi. Kwa hiyo walikaa wawili wawili, na darasa likajizoesha desturi yake: mmoja ni Mkono, mwingine ni Kalamu. Mkono anazungusha nobu na kusoma mshale kwa sauti. Kalamu anaandika. Wiki inayofuata wanabadilishana. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengine.

Mama Kalamu alipangwa na kijana waliyemwita Umeme, mrefu, mwembamba, asiyejua kukaa. Hata akiketi goti lake linacheza chini ya meza mpaka chai ya jirani inamwagika. Kijana wa watu, hana baya. Siku ya kwanza alimtazama mama wa watu jasho likimtoka viganjani akaona amsaidie.

"Shikamoo, mama. Una mwandiko?"

"Marahaba. Ninao kiasi."

"Basi hapa tumeelewana. Wewe Kalamu, mimi Mkono. Hiki kidude kikitaka kulipuka, kilipukie mimi, sina hata mchumba wa kunililia."

Akacheka, naye akacheka, na akaandika. Mwandiko wake ulikuwa wa kaunta, umenyooka kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Mwalimu Polepole alipoiona ile karatasi aliibandika ukutani. Wiki iliyofuata Umeme akasema, "Mama, si tuendelee hivi hivi? Kitumbua cha moto hakitiwi mchanga." Mama Kalamu akasema, "Haya." Neno moja tu, tena jepesi. Na hilo haya ndilo lililomkalia kooni kama mfupa wa samaki. Wiki zikapita, majaribio yakaja yakaenda, na yeye hajazungusha nobu hata moja. Mishale yote aliijua. Alijua pale mkunjo wa kwanza unapolala, kwenye mbili na kitu, na wa pili na wa tatu. Alizijua namba za lile sanduku kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake. Lakini kidole chake hakikujua nobu ni nzito au nyepesi, inashika wapi, inateleza wapi.

Halafu Mwalimu Polepole akatangaza mtihani wa vitendo.

"Siku hiyo hakuna Mkono, hakuna Kalamu," alisema akivuta sweta. "Ni wewe na sanduku, milango imefungwa. Na nawakumbusha: namba iliyopikwa naijua kwa harufu. Wale wawili wa muhula uliopita walionakili kwa majirani zao, mmewaona tena hapa? Hawakufika hata kwenye chumba cha mtihani. Aliyekosea tunapima upya. Aliyeficha, simpi mtihani."

Tangu saa ile Mama Kalamu hakutulia. Kiti kilimchoma. Kwake na Umeme ilibaki zamu moja tu ya sanduku kabla ya mtihani, nayo ni Jumatatu. Yaani Jumatatu hiyo asiposhika, ataingia kwenye mtihani akiwa hajawahi kushika, na atarudi kaunta kuandika "inakoroma" mpaka azeeke.

Nyumbani alikuwa hashikiki. Alianza kufua, akaacha nguo kwenye beseni akaenda kufagia, akaacha ufagio katikati ya ukumbi. Alitia chumvi kwenye sufuria, akasahau, akatia tena. Mama mkwe alionja, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mwanangu, kama unataka kuniua, sema. Usinikaushe kama nyama."

"Nisamehe, mama. Akili haipo."

"Naona. Imeenda wapi na itarudi lini?"

Alichukua bati la biskuti lililokuwa tupu, akaligeuza kifudifudi mezani, akachukua vifuniko viwili vya chupa za jemu, akavipigilia misumari katikati, kimoja kushoto, kimoja kulia, vikawa vinazunguka. Akaketi mbele yake. Akazungusha cha kushoto kidogo. Akazungusha cha kulia kidogo. Akatazama ukuta.

Mama mkwe alivuta kiti.

"Nini hicho?"

"Sanduku la chuoni, mama. Ninajizoesha."

"Mbona halisemi kitu?"

"Halina mshale. Lile la kweli, ukizungusha hapa, mshale unapanda."

Bibi yule alifikiri kidogo, kisha akakunja mkono wa kulia juu ya meza, kiwiko chini, kidole cha shahada kimesimama. "Haya, mimi ndiye mshale. Zungusha tuone."

"Mama bwana!"

"Zungusha, mwanangu, mkono utakufa ganzi."

Akazungusha. Kidole cha mama mkwe kikaanza kuinama kutoka kushoto kwenda kulia, kwa heshima zote.

"Hapana, mama, mwanzoni unakwenda haraka. Halafu unatulia."

"Kwa nini unatulia?"

"Ndiyo tabia yake."

"Kama mume," alisema mama mkwe, akarudisha kidole akaanza upya. Safari hii kilikwenda mbio kikasimama. "Hivyo?"

"Hivyo hivyo! Sasa naongeza mnong'ono."

"Nani anamnong'oneza nani?"

Walicheka mpaka bati likaanguka. Lakini Mama Kalamu alipoliokota, kicheko kilikuwa kimemkauka. Kifuniko kilizunguka kirahisi mno, hakikuwa na uzito wowote. Hakijui chochote, na yeye hakujua zaidi yake. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akaketi, akainuka tena.

"Huyo mwenzako anayeshika kila siku," mama mkwe aliuliza, "ni mkorofi?"

"Hata kidogo. Mtoto mzuri."

"Umemwomba akakunyima?"

"Sijamwomba."

"Sasa unamwonea nini mtoto wa watu? Atajuaje, kwa ramli?"

"Nitamwambia Jumatatu, mama."

"Utamwambia." Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe tangu uingie nyumba hii sijakusikia ukisema nataka. Nikikuuliza unakula nini, unasema chochote kilichopo. Ukiulizwa kitenge gani, unasema hata hicho. Mwanangu, chochote kilichopo ndicho kinachobaki sahanini baada ya watu kula."

Maneno yale yalimwingia kama mwiba wa kiatu. Kila hatua anausikia. Jumapili nzima alitunga sentensi. Aliitunga akimenya viazi, akaitunga akikunja nguo, akaijaribu mbele ya kioo. Umeme, mwanangu, naomba leo tubadilishane kidogo, kama hutajali. Akaona "kama hutajali" imezidi, akaiondoa. Akaona bila hiyo imekuwa kali, akairudisha. Akaongeza "kwa dakika chache tu". Ikawa ndefu kama mkia wa kishada, na kila alipoirudia ilianguka mahali pengine.

Jumatatu alifika maabara kabla ya wote. Chumba kilinuka vumbi la mbao na nyaya zilizopata moto. Masanduku yalikuwa yamepangwa mezani, na mwanga wa dirishani ulikuwa umekaa juu ya nobu nyeusi za sanduku lao mpaka zikameremeta. Hakuna mtu. Angeweza kunyoosha mkono. Aliuinua, ukafika nusu ya njia, mlango ukalia, akajifanya anafuta vumbi kwa kitambaa chake.

"Shikamoo, Mama Kalamu! Leo umenitangulia, kuna nini, tunaoa?"

Ni Umeme, na mkate mdomoni.

"Marahaba. Umeme, mwanangu..."

"Naam, mama?"

Alikuwa anamtazama kwa macho meupe, yasiyo na shaka. Sentensi ikasimama mlangoni, ikageuka, ikarudi ndani.

"Umekunywa chai?"

"Ndiyo hii nakunywa kwa meno." Akavuta kiti, goti likaanza kucheza.

Wengine wakaingia kwa makelele yao. Mwalimu Polepole akapita meza hadi meza akikagua nyaya, akafika kwao akagonga sanduku kwa penseli.

"Sikilizeni nyie wawili. Ijumaa kuna waliolizidishia moto sanduku hili, transista ikaungua. Nimeweka nyingine. Umbo ni lile lile, lakini msije mkadhani ni yule yule. Kila mtu na tabia yake. Haya, anzeni. Polepole."

Mama Kalamu aliitikia kwa kichwa. Maneno yaliingia sikio moja yakakuta la pili liko wazi. Moyoni alikuwa anatafuta nafasi. Nitamwambia tukiunganisha nyaya. Wakaunganisha nyaya, hakumwambia. Nitamwambia akimaliza kuweka mishale kwenye sifuri. Mishale ikakaa kwenye sifuri.

"Tayari, mama?"

"Tayari."

Akajiuma ulimi. Lo! Tayari ya nini?

Umeme akaanza kuzungusha. Alizungusha kwa ncha za vidole, mbio mbio, kama anayechanganya karata, huku akitangaza kwa sauti yake ya mnadani. "Haya, nusu! Moja nukta tisa! Haya, twende, tatu nukta sita! Nne kamili! Nne nukta moja! Ametulia huyo, nne nukta moja!"

Kalamu ya Mama Kalamu ikaenda. Ilikwenda vizuri, mstari kwa mstari, kama kawaida. Lakini mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ndani ya ile sentensi yake, anapanga. Aanze na naomba, au aanze na jina? Aseme kidogo, au aseme mkunjo mmoja tu? Jasho lilimlowesha mgongo. Alikuwa anatazama vidole vya Umeme. Aliona kidole gumba kinavyokaa, aliona nobu inavyogoma kidogo mwanzoni kisha inakubali. Ona, inagoma! Hilo hakulijua. Sasa. Mwambie sasa. Akimaliza mkunjo huu.

"Mkunjo wa pili, mama! Uko pamoja nami?"

"Niko."

Nao ukapita. Meza ya jirani walikuwa wanasubiri sanduku, wamesimama na karatasi zao, wanaguna. Mmoja akasema, "Umeme, umelala?" Umeme akaongeza mwendo. Wa tatu ukapita. Saa ya ukutani ikawa inatafuna dakika bila huruma. Mama Kalamu akafungua mdomo, akavuta pumzi, na ile pumzi ikatoka bila neno, kama ya mtu anayepoza uji.

"Basi!" Umeme akapiga makofi. "Mwalimu, tumemaliza! Njoo uone kazi ya mabingwa."

Mwalimu Polepole akaja akiburuza viatu. Akaichukua karatasi, akatabasamu kwanza kwa ule mwandiko kama alivyozoea. Kisha tabasamu likaanza kumtoka usoni, kidogo kidogo, mpaka likaisha. Akaweka karatasi mezani. Halafu akaweka mnong'ono wa kwanza kwa nobu ya kushoto, akazungusha ya kulia. Mshale ukapanda, ukatulia.

"Umeme. Hapa mshale unasema ngapi?"

"Nne nukta moja, Mwalimu. Si ndiyo niliyosema?"

"Na karatasi yenu inasema ngapi?"

Umeme akainama. Goti lake likasimama, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue.

"Mbili nukta... Mama?"

Mama Kalamu akavaa miwani vizuri, akatazama. Mwandiko ni wake. Namba zimenyooka, safi, mstari kwa mstari. Lakini si zile alizotangaza kijana. Ni zile za zamani, za transista iliyoungua, zile alizozijua kama namba ya nyumba yake. Mkono wake ulikuwa umeandika peke yake, kwa mazoea, kama punda anayerudi nyumbani bila kuongozwa.

"Huyu wa mbili nimemtupa Ijumaa kwenye pipa la taka," alisema Mwalimu. "Nyie mmenipimia marehemu."

Wa meza ya jirani wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliinua ile karatasi ili wote waione.

"Namba nzuri namna hii, na si za mashine iliyo mbele yenu. Mmezinakili kutoka karatasi zenu za zamani. Kwa nini? Mlitaka kumaliza mapema? Nimesema nini kuhusu kunakili? Nani kati yenu?"

Ulimi wa Mama Kalamu ulikuwa kipande cha gogo. Na kabla hajaupata, Umeme akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wewe?"

"Nilizitaja vibaya. Mama aliandika nilichosema. Yeye mwache."

"We Umeme," mmoja wa jirani akaropoka, "ulikuwa unapiga kelele nne, nne, kama muuza samaki!"

"Ulisikia vibaya, kaka. Kaa na masikio yako."

Mwalimu Polepole akavuta sweta. "Kama ni wewe, na umekaa kimya mpaka nimegundua mwenyewe, unajua adhabu yake. Mtihani hutauona."

Umeme akasema, "Sawa, Mwalimu." Akaanza kukusanya vitu vyake. Mama Kalamu aliliona lile sawa likimtoka kijana, jepesi, la kumridhisha kila mtu isipokuwa mwenyewe, na akalitambua. Lilikuwa ndugu wa damu wa lile haya lake.

"Keti," alisema.

Umeme akageuka. "Mama, acha tu."

"Keti, mwanangu. Nimesema keti." Sauti ilikuwa imetoka kubwa kuliko alivyokusudia, na watu wa meza za mbali wakageuza shingo. "Mwalimu, mtoto huyu hana kosa. Alitaja nne, tena kwa sauti ya kuamsha wafu. Mimi ndiye niliyeandika mbili."

"Ulinakili?"

"Sikunakili. Karatasi za zamani ziko nyumbani, na ile ya ukutani nimeipa mgongo. Ila namba ziko humu kichwani, zimetoka zenyewe."

"Hukusikia anachotangaza?"

"Sikusikia."

"Nilipowaambia nimebadilisha transista?"

"Nilisikia kwa sikio moja, Mwalimu."

Mzee alivuta kiti, akaketi mbele yake, mikono magotini. Hasira ilikuwa imempungua, ikabaki kushangaa. "Mama Kalamu. Mtu mwenye mwandiko nilioubandika ukutani. Umekaa hapa, mshale uko mbele yako, mwenzako anapiga kelele. Akili ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa inatafuta neno la kumwambia huyu kijana."

"Neno gani hilo la kukufanya uandike marehemu?"

Umeme naye alikuwa anamtazama, mdomo wazi, nusu ya mkate wake iliyobaki ikichungulia mfukoni. "Mama, mimi? Neno gani? Nimekukosea?"

Mama Kalamu akaitafuta ile sentensi yake ya Jumapili. Akatafuta naomba, akatafuta kama hutajali, akatafuta dakika chache tu. Hakuna hata kipande. Zote zilikuwa zimetawanyika kama kuku walioona mwewe. Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa. Akasogeza kalamu mbali, mpaka ukingo wa meza.

"Nataka kulishika hili sanduku mimi," alisema. "Nobu zote mbili. Kwa mkono wangu."